Ni Nani Awapatanishaye Wapatanishi?

Katika vijiji vyetu vya Kilosa na Mikumi ugomvi wa ng'ombe na shamba si jambo geni. Ng'ombe huingia katika mahindi usiku. Mwenye shamba huamka akakuta mabua yamelala chini. Mwenye ng'ombe naye husema kwamba njia ya kwenda majini imelimwa, wala mifugo haina pengine pa kupita. Kabla jua halijapanda sana watu wamekwisha kusanyika. Lakini na tuwatazame vema hao waliokusanyika. Yuko mzee wa ukoo, yuko mwenyekiti wa kijiji, yuko mwalimu wa kanisa, yuko na jamaa aliyefika jana kutoka mjini, na kila mmoja wao asema, "Niachieni mimi, nitawapatanisha." Mara nyingine hufika saa sita, wagomvi wenyewe wamekwisha kunyamaza, nao wapatanishi ndio wanaogombana: nani aketi katikati, nani aanze kusema, na shauri lisikizwe uani kwa nani.

Jambo hili likiwa dogo hutuchekesha. Likiwa kubwa, likiwa la mataifa, watu hufa nalo. Kwa hiyo twataka kuuliza leo maswali mawili. La kwanza, je, mtu atakaye kuwapatanisha wengine yampasa awe hana faida yake mwenyewe katika shauri lile? La pili, wakiwapo wapatanishi wengi, nani ampishe mwenziwe? Tutayauliza kwa kutazama kisa cha jirani zetu wa Burundi, kwa kuwa mkutano wao wa amani ulifanywa katika nchi yetu, pale Arusha, na kwa kuwa reli hii ipitayo Kilosa kwenda Kigoma ni njia ya zamani ya mizigo ya nchi ile.

Kwanza na tukumbuke ugomvi ulivyoanza. Mwezi wa Juni 1993 watu wa Burundi walipiga kura, wakamchagua Melchior Ndadaye kuwa rais, naye alikuwa Mhutu wa kwanza kushika cheo hicho. Tarehe 21 Oktoba mwaka ule ule askari wa jeshi, ambalo lilikuwa mikononi mwa Watutsi, wakamwua. Ndipo Wahutu wakawaua Watutsi waliokuwa jirani zao, na jeshi likawaua Wahutu, na vita vikaenea vilimani. Watu wengi sana wakavuka mpaka kuja kwetu, wakawakuta huku ndugu zao waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Vita hivyo vilidumu zaidi ya miaka kumi, na waliokufa hukadiriwa kuwa kama 300,000.

Mwezi wa Aprili 1994 yakatokea mauaji makubwa ya Rwanda, na mataifa yenye nguvu yakatazama tu. Baadaye yakaona haya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi kila mtu akaharakisha kwenda Burundi ili mambo yale yasitokee tena. Umoja wa Mataifa ulikwisha kumtuma Ahmedou Ould-Abdallah wa Mauritania. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, akawakusanya marais wa nchi za Maziwa Makuu mjini Cairo mwezi wa Novemba 1995. Umoja wa Ulaya ukamtuma mjumbe wake, Aldo Ajello. Serikali ya Marekani nayo ikamtuma wake, Howard Wolpe. Umoja wa Nchi za Afrika nao haukukaa kimya. Na mwaka 1996 Mwalimu Julius Nyerere, aliyekwisha kuacha urais zamani, akaviita vyama vikubwa viwili vya Burundi mjini Mwanza, mwezi wa Aprili na tena mwezi wa Juni.

Wazee wetu walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Tusiseme kwamba watu hawa walikuwa wabaya. Kila mmoja alikuja na nia njema. Lakini mgomvi asiyetaka kupatanishwa hufurahi akiona wapatanishi ni wengi, kwani huyu asipompendeza humwendea yule, na yule asipompendeza humrudia huyu, na siku zapita.

Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya akaitwaa serikali ya Burundi kwa nguvu za jeshi. Siku sita baadaye, tarehe 31 Julai, wakuu wa nchi jirani wakakutana Arusha, wakaamua kuifungia Burundi biashara mpaka bunge lirudishwe, vyama viruhusiwe, na watu wote wakubali kuzungumza. Hapo serikali ya Burundi ikaanza kunung'unika. Ikasema kwamba Tanzania si mpatanishi bali ni mgomvi wa tatu, kwani wakimbizi wako kwake, na waasi hujificha miongoni mwa wakimbizi. Ikataka mkutano ufanywe mahali pengine.

Wakati huo huo mazungumzo mengine yalikuwa yakiendelea kwa siri mjini Roma, katika nyumba ya jumuiya ya Wakristo iitwayo Sant'Egidio. Jumuiya hii ilikuwa na sifa kubwa, kwa kuwa mwaka 1992 iliwasaidia watu wa Msumbiji kumaliza vita vyao. Huko Roma serikali ya Buyoya na chama cha CNDD cha Léonard Nyangoma, kilichokuwa na wapiganaji msituni, walikubaliana mwezi wa Machi 1997 juu ya mambo watakayozungumza. Habari zilipotoka nje mwezi wa Mei kukawa na ghadhabu. Vyama ambavyo havikualikwa vilisema vimeuzwa. Mwalimu Nyerere alipowaita wote Arusha tarehe 25 Agosti mwaka ule, serikali ya Burundi ikakataa kuja. Basi mkutano uliotayarishwa haukuwa. Hata ulipofunguliwa kweli, tarehe 15 Juni 1998, miaka miwili ilikuwa imepita tangu vikao vya Mwanza. Na katika miaka miwili hiyo waliokuwa wakifa hawakuwa wajumbe waliosafiri baina ya Arusha na Roma. Walikuwa wakulima kama sisi, wenye migomba na maharage.

Sasa na turudi kwa swali la kwanza. Wako watu husema: mpatanishi wa kweli ni yule asiye na faida yake. Neno hili ni zuri kulisikia, lakini tukilipima twaona gumu. Tanzania ilikuwa na faida, maana wakimbizi walikula chakula chake na kukata kuni katika misitu yake, na mpaka wake haukutulia. Mataifa makubwa yalikuwa na faida, maana yalitaka kufuta aibu ya Rwanda. Hata watu wa Sant'Egidio walikuwa na jina lao jema la kulilinda. Tukimtafuta asiye na faida yoyote, tutampata yule asiyejua Burundi iko wapi, naye hatakuja. Nyumba ikiungua, wa kwanza kuleta maji ni yule ambaye ukuta wake umekaribiana na moto.

Basi faida yenyewe si kosa. Lakini twaona kwamba faida ni za namna mbili, nazo zafanana sana machoni. Kuna faida ya kutaka moto uzimike, na kuna faida ya kutaka kuonekana kuwa mimi ndimi niliyeuzima. Jirani mwenye ile ya kwanza, akimwona mtu mwingine anakuja na mtungi mkubwa kuliko wake, humpisha mlangoni. Mwenye ile ya pili husimama mlangoni akimwuliza mwenziwe, "Nani amekuita?" Hii ndiyo mizani tunayowapa wasomaji wetu. Ukitaka kumjua mpatanishi, usimwulize kama ana faida. Tazama tu atakavyofanya mwingine akifanikiwa mahali alipopatamani yeye.

Kwa mizani hii twaona jambo moja katika kisa chetu lililotupendeza sana. Mkutano wa Arusha ulipofunguliwa, mashauri yaligawanywa katika kamati tano. Kamati ya amani na usalama, iliyo ngumu kuliko zote, maana ndiyo iliyoshughulikia jeshi, ikawekwa chini ya Padre Matteo Zuppi. Huyu ni nani? Ni mtu wa Sant'Egidio, wa nyumba ile ile ya Roma iliyokuwa na meza yake ya pembeni. Mwalimu Nyerere angaliweza kusema, "Hawa walinizunguka, wasikanyage Arusha." Badala yake padre yule aliketi katika meza moja na wengine, akafanya kazi chini ya mkutano ulioitwa na mtu mwingine. Yeye naye angaliweza kusema, "Sisi tuna njia yetu." Hakusema. Twadhani kitendo hiki kimoja, ambacho watu wachache hukikumbuka, kilikuwa na thamani kuliko hotuba nyingi.

Kwa nini? Kwa sababu kila upande ulikuwa umeshika nusu ya kweli. Watu wa Arusha walijua kwamba amani ya wawili waliojifungia chumbani haitakubaliwa na wale walioachwa nje. Kwa hiyo waliita vyama vyote, hata vidogo, mpaka vikafika pamoja na serikali na bunge pande 19. Watu wa Roma walijua kwamba vita havimalizwi na mtu asiye na bunduki. Ni lazima uongee na yule aliyeishika. Nusu hizi mbili zilihitajiana. Wapatanishi wakishindana, kila mmoja huitetea nusu yake na kuidharau ya mwenziwe, na hasara humwangukia yule aliyehitaji kweli nzima.

Tena twaona kwamba nusu ile ya Roma haikupokewa yote. CNDD iligawanyika mwaka 1998, na wapiganaji walio wengi wakafuata tawi jipya, CNDD-FDD. Hawa hawakupewa kiti Arusha, kwa kuwa iliogopwa kwamba kila chama kitakachopasuka kitadai viti viwili. Sababu ile haikuwa ya kipumbavu. Hata kijijini ukimpa kiti kila anayenuna, baraza halitakwisha. Wapiganaji wa FNL nao walikuwa nje. Na mwisho wake tuliuona. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na tarehe 1 Desemba wakuu wa nchi wakamchagua Nelson Mandela ashike kazi yake. Tarehe 28 Agosti 2000 mapatano yakatiwa sahihi Arusha, naye Rais Clinton wa Marekani akiwapo. Lakini vyama vingine vya Watutsi vilikataa siku ile, vikatia sahihi baadaye. Na bunduki hazikunyamaza hata kidogo, maana waliozishika hawakuwamo chumbani. CNDD-FDD walipatana na serikali Dar es Salaam mwezi wa Novemba 2003, na FNL wakatia sahihi ya kusimamisha vita Septemba 2006.

Hapa na tuseme neno juu ya jirani na mgeni. Mithali husema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyerere alikuwa fimbo ya karibu. Aliwajua watu wale na lugha ya manung'uniko yao, lakini kwa sababu ya ukaribu huo walimshuku. Mandela alitoka mbali, nchi yake haipakani na Burundi, naye aliweza kuwakemea wote. Je, yupi aliye bora? Twadhani swali lenyewe si sawa. Mgeni asingalipata cha kumalizia kama jirani hakuanza. Jirani asingalimaliza, kwa maana imani iliyopungua hairudi upesi. Nahodha mmoja kwa wakati mmoja, na mwingine baada yake, hao si nahodha wengi. Chombo huenda mrama pale wanaposhika usukani kwa pamoja.

Liko na jambo la fimbo ya namna nyingine, yaani kule kufungiwa biashara. Watu wa Kilosa waweza kulielewa, maana behewa lisilokwenda Kigoma ni riziki ya mtu iliyosimama. Katika Burundi bei zilipanda, na masikini ndiye aliyeumia kwanza. Ndiyo sababu mwaka 1997 masharti yalilegezwa kwa vyakula na dawa, na Januari 1999 yakasimamishwa yote. Wako waliosema kwamba bila fimbo ile Buyoya asingalikuja mezani. Wako waliosema kwamba fimbo ile ndiyo iliyomfanya akimbilie Roma. Sisi hatuwezi kulikata shauri hili, kwa kuwa kila upande una sababu. Lakini neno moja twalijua. Mwamuzi huweza kuadhibu. Mpatanishi hawezi, au akiadhibu hawi tena mpatanishi. Yule mwenye kuketi katika viti vyote viwili asishangae akiulizwa leo ameketi katika kipi. Nyerere mwenyewe alikuwa mpatanishi, na fimbo ilikuwa mikononi mwa marais. Lakini kwa mtu wa Burundi yote mawili yalitoka Arusha, naye hakuona tofauti.

Huenda msomaji akauliza, "Haya ya marais na mapadre wa Roma yanatuhusu nini sisi wa Kilosa?" Tungependa jibu liwe jepesi, lakini si jepesi. Tarehe 8 Desemba 2000, miezi mitatu na siku chache baada ya sahihi za Arusha, wafugaji wenye silaha walikishambulia kijiji cha Rudewa Mbuyuni, katika wilaya yetu, na watu 38 wa jamii ya wakulima wakauawa. Taifa lililokuwa limewapatanisha wageni likaona damu katika ua wake. Sababu za ugomvi ule twazijua sote: ardhi iliyopungua, mashamba makubwa ya mkonge ya zamani, hifadhi ya Mikumi iliyowekwa mwaka 1964 ikachukua sehemu ya mbuga ya Mkata, maji machache wakati wa kiangazi. Lakini waliokuja kukichunguza kisa kile waliandika na sababu nyingine: kwamba wafugaji na wakulima, wote wawili, walikuwa wamepoteza imani na watu waliopaswa kuwaamua, kwa ajili ya rushwa. Waamuzi hawakukosekana. Aliyekosekana ni mwamuzi wa kuaminiwa na pande zote mbili.

Angalieni basi jinsi rushwa ilivyo ndugu wa ile tamaa ya sifa tuliyoisema. Mwenye kupokea fedha hutaka ugomvi uendelee, ili mlango wake uzidi kubishwa. Mwenye kutaka sifa naye hutaka ugomvi ungoje, mpaka atakapofika yeye. Wote wawili wameufanya ugomvi wa watu kuwa shamba lao. Wa kwanza twamlaani haraka. Wa pili twampigia makofi, tena mara nyingine twampa kiti cha mbele kanisani. Na tuseme kweli, mara nyingine yeye ni sisi wenyewe. Sisi walimu twapenda kuitwa. Shauri likimalizika bila sisi, moyoni kuna kitu kidogo kinachouma, hata kama mdomo wasema, "Tumshukuru Mungu."

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu mambo manne, nayo hayahitaji fedha wala gari. Kwanza, aingiaye kupatanisha aseme faida yake mbele ya watu: "Mimi nina shamba upande huu," au, "Mke wangu ni wa ukoo ule." Faida iliyosemwa haina nguvu ya kudhuru kama ile iliyofichwa. Pili, kabla wagomvi hawajaitwa, wapatanishi wakutane peke yao, wakubaliane nani atakayeongoza na wengine watasaidia wapi. Maana wasiopatana wao kwa wao wataleta nini kwa wengine? Tatu, wasimwache nje yule kijana mwenye rungu au mwenye mkuki kwa sababu hana adabu. Asiye barazani usiku ataonekana shambani. Nne, na hili ndilo gumu, kila mmoja awe tayari kusahauliwa.

Hatusemi kwamba ukifanya haya amani itakaa milele. Burundi ilipata katiba mwaka 2005, na jeshi lake likagawanywa ili kabila moja lisipite nusu. Hayo yalikuwa matunda ya Arusha. Hata hivyo mwaka 2015 ugomvi wa urais uliirudisha damu barabarani, na Mzee Benjamin Mkapa, aliyetumwa kupatanisha mwaka 2016, alimaliza kazi yake bila kupata mapatano. Amani ni kama njia ya maji ya shambani. Mwenye kuichimba mwaka huu lazima aizibue na mwaka ujao, na huenda atakayeizibua ni mwingine asiyejua jina la mchimbaji.

Basi, wapendwa, siku mtakaposikia kelele za ng'ombe na mahindi, msikimbie kwenda kuketi katikati. Nendeni kwanza mkaulize ni nani amekwisha kufika. Kama yuko aliyekubaliwa na wote wawili, mketi nyuma yake, mmpe maji ya kunywa. Hiyo nayo ni kazi ya mpatanishi.